Safari ya Namugongo: jinsi programu yangu ilivyosahau watu tisa

Najua nimekuwa kimya. Mara ya mwisho niliahidi kumalizia maelezo yangu kuhusu hifadhidata, na ahadi hiyo bado ipo, sijaikimbia. Lakini kwa wiki kadhaa sasa, kila nikiwasha tarakilishi jioni baada ya kazi, kitu ninachoandika ni mipango ya safari moja tu. Kwa hiyo leo nivumilieni nizungumze juu ya hija. Teknolojia imo ndani, msiwe na wasiwasi. Ila haikufanya kazi kama nilivyotarajia.

Safari yenyewe ni ya Namugongo, Uganda. Anayesafiri ni mama yangu. Mimi ni mpangaji tu, au ndivyo nilivyodhani.

Alinipigia simu mwezi wa Januari. "Baba," akaniambia (mimi nina jina la baba yake mzazi, ndiyo maana huniita hivyo), "mwaka huu natembea tena."

"Unatembea kwenda wapi, mama, na goti hilo?"

"Namugongo," akajibu, kama mtu aliyeulizwa jina la soko la jirani.

Hapa itabidi nirudi nyuma kidogo. Nyumbani kwetu ni pande za Mumias, na kila mwezi wa Mei kundi la waumini wa parokia yetu huondoka kwa miguu kuelekea Namugongo. Hupita Busia, huvuka mpaka, kisha hufuata barabara kuu ya kwenda Kampala. Kutoka Busia peke yake ni kama kilomita 200. Huimba, husali rozari, hulala kwenye makanisa na madarasa ya shule njiani, na nyuma yao huja gari moja lililobeba magodoro, masufuria na unga. Mama alikuwa amekwenda mara nne. Mwaka jana ilikuwa mara ya tano.

Aliporudi tulimwuliza safari ilikuwaje. Akasema, "Tulifika salama, tunamshukuru Mungu." Tukanywa chai, mambo yakaisha.

Miezi mitatu baadaye, tukiwa kwenye matanga ya jirani, mke wa katekista akaanza kunihadithia akidhani najua. Akanieleza jinsi mama alivyokaa chini kando ya barabara pale Iganga, goti likiwa limevimba kama papai, akikataa kupanda gari. Alilia. Ilibidi watu watatu wambebe. Basi alifika Namugongo akiwa ameketi kati ya masufuria na magunia ya unga, baada ya kutembea zaidi ya kilomita 100. "Tulifika salama" lilikuwa neno la kweli kabisa, hakuna uongo hata chembe. Ila tangu siku hiyo, mke wa katekista akaniambia, mama yako hakai tena mstari wa mbele kanisani. Hukaa nyuma karibu na mlango.

Sikumwambia mama kwamba najua. Kwa hiyo simu ya Januari ilipokuja, nilifanya kile ambacho watu wa kazi yetu hufanya wakiletewa tatizo. Nilifungua tarakilishi.

Kabla sijawaeleza nilichoandika, niwape historia kidogo wale wasioijua Namugongo. Ni mji mdogo ulio kaskazini mashariki ya Kampala, kama kilomita 15 kutoka katikati ya jiji. Zamani ulikuwa mmojawapo wa mahali ambapo wafalme wa Buganda waliwaulia watu waliohukumiwa. Mwaka 1879 wamisionari Wakatoliki wa kwanza walifika Buganda, wakiwakuta wale wa Kanisa la Anglikana waliokuwa wametangulia miaka miwili. Vijana wengi wa ikulu ya kabaka wakaanza kujifunza. Waliitwa abasomi, neno ambalo Mswahili yeyote analielewa bila kamusi. Mwaka 1884 Kabaka Mutesa wa Kwanza akafariki, mwanawe Mwanga akatawala, na mambo yakabadilika. Mwanga aliona hawa wasomi wana bwana mwingine wanayemtii kuliko yeye. Vijana wa ikulu walipokataa kuiacha dini, na wakakataa amri zake zilizokwenda kinyume nayo, akaamua wauawe.

Hukumu ilitolewa Munyonyo, kando ya Ziwa Victoria, mwishoni mwa Mei 1886. Wakafungwa na kuswagwa kwa miguu hadi Namugongo, wakawekwa huko siku kadhaa kuni zikikusanywa, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto. Kiongozi wao alikuwa Karoli Lwanga. Aliyekuwa mdogo kuliko wote, Kizito, alikuwa kijana wa miaka 14 hivi. Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na mwaka 1969 akaja Uganda mwenyewe, papa wa kwanza kutembelea Afrika katika nyakati hizi zetu. Waanglikana nao wana mashahidi wao 23 katika mateso yaleyale. Kila tarehe 3 Juni, ambayo Uganda ni sikukuu ya taifa, watu hujaa Namugongo kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda, Congo na kwingineko.

Haya, turudi kwenye tarakilishi yangu.

Niliandika programu ndogo. Vituo vyote vya njiani niliviingiza kama nukta: Mumias, Busia, Bugiri, Iganga, Jinja, Lugazi, Mukono, Namugongo. Kati ya nukta na nukta nikaweka umbali, muda wa kutembea, muda wa kupanda gari, na gharama. Kisha nikaweka kitu nilichokiita "mzigo wa goti", yaani namba inayopanda kila kilomita ya kutembea na kushuka kila saa ya kupumzika. Kazi ya kutafuta njia bora nikaiachia mbinu ya Edsger Dijkstra, yule Mholanzi aliyeichapisha mwaka 1959. Mbinu hiyo ndiyo mama wa programu nyingi za ramani tunazotumia leo. Unaiambia unakotoka na unakokwenda, inakupa njia yenye gharama ndogo kuliko zote.

Jibu lilikuja chini ya sekunde moja. Tarehe 2 Juni, saa kumi na mbili asubuhi, matatu hadi Busia. Kuvuka mpaka. Gari hadi Kampala. Kulala. Tarehe 3 Juni, bodaboda hadi karibu na uwanja wa ibada. Kutembea kwa jumla: kilomita moja na nusu. Mzigo wa goti: karibu sifuri.

Nilifurahi sana. Niliipiga chapa kwa rangi, nikaiweka kwenye bahasha, na Pasaka nikaenda nayo nyumbani kama mtu anayepeleka zawadi.

Mama alivaa miwani yake. Akasoma ukurasa wote, polepole, mpaka mwisho. Kisha akaukunja mara mbili na kunirudishia.

"Hii ni ratiba ya mzigo, baba. Mzigo ndio huulizwa umefika saa ngapi."

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia habari za daktari, habari za goti, habari za joto la Mei. Alikuwa na jibu kwa kila kitu. Nikasema basi mwaka huu uwasindikize tu wenzako hadi barabarani, kisha mimi nikupeleke kwa gari. Akaniambia, "Mimi sisindikizi watu. Mimi nahiji." Ndipo nikakasirika, nikasema neno ambalo sikupaswa kulisema.

"Mama, mwaka jana hukufika kwa miguu. Najua habari za Iganga."

Hakujibu. Alisimama, akashika ukingo wa meza kwanza kama afanyavyo siku hizi, akatoka nje kuwafungia kuku. Kuku wenyewe walikuwa wameshafungiwa. Dada yangu aliniangalia bila kusema kitu, akaanza kutoa vyombo mezani.

Usiku ule, umeme ukiwa umepotea kama kawaida, nilimkuta mama jikoni ameketi kando ya moto. Nikaketi naye. Nikamwomba msamaha. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, si kwa ukali:

"Hata wao si wote waliofika."

Nikamwuliza kina nani. "Hao mashahidi. Mnasema Namugongo, Namugongo. Si wote waliofika Namugongo."

Nitawaambia ukweli. Nilidhani mama anajitetea. Mimi nimesomea sayansi ya tarakilishi miaka minne, na nimezoea kwamba mtu akisema jambo unamwomba takwimu. Nimekulia kanisani, nimeimba nyimbo za mashahidi tangu chekechea, na kichwani mwangu picha ilikuwa moja: vijana wote, moto mmoja, siku moja. Niliporudi Nairobi nikaamua kuhakiki. Nikafungua jedwali, mstari mmoja kwa kila mmoja wa wale 22: jina, tarehe, mahali alipofia. Kisha nikaiambia tarakilishi iwapange kwa mahali.

Namugongo: 13.

Kwingineko: 9.

Nikahesabu tena kwa kidole, kwa sababu nilidhani nimekosea kuandika. Sikuwa nimekosea.

Wa kwanza kabisa, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliuawa Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885, nusu mwaka kabla ya wenzake. Kosa lake lilikuwa kumkemea Mwanga kwa kumuua Askofu Hannington, Mwingereza aliyekuwa amekuja akipitia Kenya na kuuawa Busoga mwezi uliotangulia. Dionisi Ssebuggwawo na Andrea Kaggwa waliuawa Munyonyo kwenyewe tarehe 26 Mei 1886, hawakutoka hata hatua moja. Ponsiano Ngondwe aliuawa siku hiyo hiyo Ttakajjunge, safari ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Atanasi Bazzekuketta, Nakivubo, tarehe 27 Mei. Matia Mulumba aliachwa Old Kampala akiwa amekatwa viungo, na inasemekana alikaa hivyo siku tatu kabla ya kukata roho tarehe 30. Nowa Mawaggali aliuawa Mityana, upande wa magharibi kabisa, tarehe 31. Yohana Maria Muzeeyi aliuawa Mengo Januari 1887, moto wa Namugongo ukiwa umezimika zamani.

Nimemwacha mmoja kwa makusudi. Gonzaga Gonza. Huyu alikuwa miongoni mwa wale walioswagwa kwenda Namugongo. Miguu yake ilikuwa imejeruhiwa vibaya na pingu, na walipofika mahali panapoitwa Lubaawo, tarehe 27 Mei, akashindwa kuendelea. Wakamchoma mkuki papo hapo, kando ya njia.

Nilikaa mbele ya tarakilishi kwa muda mrefu nikiuangalia mstari huo. Miguu ilikataa, akakaa chini njiani. Mama yangu anamjua Gonzaga Gonza miaka yote hii. Mimi nilikuwa namjua kama jina kwenye litania.

Halafu nikakumbuka jengo lenyewe. Kanisa kuu la Namugongo, lililobarikiwa mwaka 1975, lilichorwa na Mswisi Justus Dahinden kwa umbo la nyumba ya jadi ya Waganda, paa likishuka kama la msonge. Limezungukwa na nguzo. Zihesabu siku ukifika: ni 22, si 13. Aliyelijenga hakuuliza nani alifika na nani hakufika. Wote wanabeba paa moja.

Sasa angalieni kosa langu la kiufundi, maana ni kosa ambalo wengi wetu tunalifanya kila siku kazini. Programu yangu ilikuwa na swali moja tu mwishoni: amefika, ndiyo au la? Kila kitu kingine kilipimwa kwa kutumikia swali hilo. Mbinu ya Dijkstra haina lawama, ilinipa njia fupi kwa usahihi kabisa. Niliyekosea ni mimi niliyeamua kwamba kila hatua ya njiani ni gharama ya kupunguzwa. Kwa mzigo, ni kweli. Kwa mama yangu zile hatua ndizo safari. Kama tungeifuata programu yangu, tungepunguza hija yake hadi ibaki kilomita moja na nusu, kisha tukajipongeza.

Nilimpigia simu siku iliyofuata. Nikamwambia, "Mama, tisa hawakufika."

"Tisa?" akasema. "Nilidhani ni sita saba." Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka naye tangu Pasaka.

Sasa mpango mpya. Tuliuandika pamoja, yeye kwa simu na mimi kwa jedwali, na tulibishana kila mstari.

Kwanza tulikwenda kwa daktari. Daktari hakumkataza kutembea. Alisema kilomita nne au tano kwa siku, asubuhi, kwa vipande, na kupumzika katikati. Kutoka Mumias kwa mwendo huo tungefika Namugongo mwezi wa Julai. Lakini nikamwambia mama: wao wenyewe hawakuanzia Mumias. Walianzia Munyonyo. Kutoka Munyonyo hadi Namugongo, kwa kupitia Nakivubo na Old Kampala, ni zaidi ya kilomita 20. Tukikata vipande sita, hakuna kipande kinachozidi kilomita tano. Tutaanza tarehe 28 Mei na kumaliza tarehe 2 Juni, siku moja kabla ya sikukuu. Na kila kipande kinapita au kukaribia mahali ambapo mmoja wao alibaki.

Alinyamaza sana nilipomweleza hilo. Kisha akauliza swali la maana kuliko yote niliyojiuliza mimi: "Na kundi?"

Hapo ndipo palipouma. Kundi lake litaondoka siku nyingi kabla yetu. Hatimaye aliamua mwenyewe: asubuhi ya kuondoka atatembea nao kutoka lango la kanisa hadi sokoni, kama nusu kilomita, akiwa amevaa fulana ya hija kama wao. "Huo ni mwanzo wa safari yangu," akasema, "si kusindikiza. Uandike hivyo." Nimeandika hivyo. Kisha tutaonana nao Namugongo jioni ya tarehe 2.

Kwa wale wanaofikiria safari kama hii, nimejifunza mambo machache ya kutumia.

La kwanza, mpaka. Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa badala ya pasipoti. Utaratibu huo ulianza mwaka 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda. Angalia kitambulisho cha mzee wako kabla, kama bado kinasomeka. Cha mama kilikuwa kimefutika picha, tumekibadilisha. Bebeni pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

La pili, mahali pa kulala. Tumechagua kulala mahali pamoja siku zote sita, upande wa Rubaga, badala ya kuhamahama na mizigo. Kila siku tutatembea kipande chetu, tutapanda gari kurudi kulala, na kesho yake tutapanda gari hadi pale tulipoachia na kuendelea. Nilimwambia mama ni kama kuhifadhi faili: hakuna haja ya kuandika yote kwa siku moja, mradi ujue ulipoishia. Jueni pia kwamba matatu ya huko huitwa taksi, msije mkadhani mnatozwa bei ya gari la kukodi.

La tatu, kujua ulipoishia. Simu hupata mahali ilipo kutoka kwa setilaiti, haihitaji intaneti wala salio. Bila intaneti inachelewa kidogo tu, kwa sababu taarifa za setilaiti inabidi izipokee angani zenyewe. Simama penye uwazi, mbali na maghorofa, subiri dakika chache. Pakua ramani ya Uganda nzima ukiwa nyumbani. Programu zinazotumia ramani za OpenStreetMap, kama OsmAnd au Organic Maps, zinafanya kazi bila mtandao. Mama aliponisikia akauliza, "Na simu ikiibiwa?" Swali zuri. Kwa hiyo kila siku nitaandika namba za mahali kwenye daftari lake la rozari, tarakimu nne baada ya nukta. Karibu na ikweta, tarakimu ya nne ni kama mita 11, inatosha kabisa kulipata duka tulilokaa kunywa soda.

La nne, umeme. Betri ya akiba iliyoandikwa 10,000 haijazi simu yenye betri ya 5,000 mara mbili, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea njiani ukibadilishwa. Hesabu mara moja na nusu, zaidi kidogo ikiwa mpya.

La tano, na hili ni muhimu: siku ya tarehe 3 msitegemee simu kuonana. Umati ni mkubwa mno na kila mmoja anapiga simu kupitia minara ileile. Ujumbe mfupi hupita pale ambapo simu na intaneti zimekwama, kwa sababu unahitaji nafasi ndogo sana. Lakini bora zaidi ni kukubaliana mapema mahali na saa. Na mkisema "tukutane Namugongo penye kanisa", semeni kanisa lipi! Kuna mahali patakatifu pa Wakatoliki na pa Waanglikana, na ni pawili mbalimbali. Mama ameandika namba yangu kwenye kipande cha karatasi na kukishonea ndani ya fulana. Hilo nalo ni teknolojia, na halihitaji chaji.

Limebaki jambo moja ambalo jedwali langu halikuweza kulitatua. Nilitaka kuweka safu ya "mwisho wa leo": maumivu yakifikia kiwango fulani, au mapigo ya moyo kwenye saa yangu ya mkononi (nilikusudia kumvalisha) yakipita namba fulani, tunasimama na kupanda gari. Nilikuwa tayari nimeiandika hata sauti ya kumwonya.

"Nani atasema tusimame?" mama akauliza.

"Saa itasema."

"Mwaka jana walisema wao," akanijibu. "Walinishika wakanipandisha. Sikukataa kwa sababu ya kiburi, baba. Nilitaka niseme mimi."

Nilifikiri sana juu ya neno hilo. Huko Iganga sikuwapo, na wale watu watatu waliombeba walifanya jambo jema. Huenda wasingefanya hivyo leo angekuwa hawezi kabisa kutembea. Lakini mtu aliyetembea zaidi ya kilomita 100 kwa goti bovu anastahili kuulizwa, hata kama jibu lake linajulikana. Nimeifuta safu ile. Mahali pake nimeandika: "Mama atasema." Yeye naye ameniahidi, mbele ya dada yangu, kwamba safari hii atasema mapema na hatasubiri mpaka akae chini.

Je, ninamwamini? Kwa kiasi. Nitakuwa natembea kando yake na kiti kidogo cha kukunja mgongoni. Namba ya dereva nimeshaiweka kwenye simu. Sikumwambia habari za dereva, ila nadhani anajua.

Jana aliniuliza kama mimi mwenyewe ninakwenda kuhiji au kubeba kiti. Wanaonijua wanajua kwamba kanisani sionekani sana siku hizi. Nikamjibu kwamba nakwenda kubeba kiti. Akasema, "Sawa. Kati ya wale 22 angalia vizuri, utaona Mbaga Tuzinde alikuwa wa nyumba ya yule mkuu wa wauaji. Kila mtu alifika kwa mlango wake." Nikaenda kuangalia jedwali langu. Ni kweli. Mukaajanga, mkuu wa wauaji, alikuwa amemlea kama mwanawe, na alijaribu kumficha asife, kijana akakataa.

Hilo nalo sikuwa nalijua. Inaonekana hifadhidata halisi iko Mumias, inavaa miwani na kufuga kuku.

Tunaondoka tarehe 27 Mei. Nikirudi nitawajuza tulivyokwenda, na namba za vituo vyetu sita nitaziweka hapa kwa yeyote mwenye mama mwenye goti. Ile habari ya hifadhidata nayo itakuja, nimeahidi. Tukutane tena Juni, Mungu akipenda.